Kwa Nini Ukambi wa Mtoto Unafanana na Sotoka ya Ng'ombe

Leo nimekuletea historia. Ni historia ya magonjwa mawili. Wa kwanza ulikuwa wa ng'ombe, nao umekwisha kabisa duniani. Wa pili ni wa watoto wetu, nao bado tunao. Magonjwa haya mawili ni ndugu wa karibu, na udugu wao umewezekana kwa sababu mwili wako na mwili wa ng'ombe wako, kwa ndani kabisa, imeandikwa kwa maandishi yanayofanana.

Ugonjwa wa ng'ombe ni sotoka. Ugonjwa wa mtoto ni ukambi, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita surua.

Muulize mzee aliyechunga zamani akueleze sotoka. Atakwambia ng'ombe hushikwa na homa kali, macho yakatoka machozi, pua zikatoa makamasi mazito, mdomo ukajaa vidonda hadi hawezi kula. Halafu huharisha, akakauka maji mwilini na kuanguka. Kwa kawaida hakumaliza wiki mbili. Sasa mfikirie mtoto mwenye ukambi. Homa kali. Macho mekundu yanayotoa machozi. Mafua na kikohozi. Vidoa vidogo vyeupe ndani ya mashavu, kisha vipele vinavyoanzia usoni na kushuka mwilini. Wengi huharisha pia. Nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki aliniambia, "Daktari, huyu analia machozi ya sotoka." Mimi si daktari, ni muuguzi, lakini huku kwetu kila anayeshika sindano huitwa daktari. Nyanya huyo hakuwahi kuingia darasani, lakini alisema jambo ambalo wataalamu walilithibitisha maabarani katika miaka ya 1950 na 1960: virusi vya sotoka na virusi vya ukambi ni vya ukoo mmoja.

Ili uelewe jambo hili, tuanze na maandishi yenyewe.

Mwili wa kila kiumbe hai umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Huwezi kuviona kwa macho. Ndani ya seli kuna uzi mrefu uliokunjwa, unaoitwa DNA, na juu ya uzi huo kuna maagizo ya kuujenga mwili: jinsi ya kutengeneza damu, ngozi, maziwa, jicho. Agizo moja moja huitwa jeni. Maagizo yote yameandikwa kwa herufi nne tu. Jambo la ajabu ni kwamba herufi hizo nne ni zile zile kwa binadamu, ng'ombe, ngamia, mgunga unaoota kando ya mto Waso, na hata kwa vijidudu vya tumboni.

Nitakupa mfano wa lugha, kwa sababu huku Isiolo sisi ni watu wa lugha nyingi. Mborana akikutana na Mgabra wanasikilizana bila mkalimani. Mborana akikutana na Msomali hawasikilizani moja kwa moja, lakini maneno yanagongana. Mborana humwita ngamia gaala, Msomali humwita geel. Ulimi kwa Mborana ni arraba, kwa Msomali ni carrab. Ukisikia hivyo unajua lugha hizi zilikutana mahali fulani zamani. Miili nayo ni hivyo hivyo. Wewe na mwanamke mwingine yeyote duniani, awe Mturkana, Mchina au Mzungu, mnafanana katika herufi 999 kati ya kila 1,000. Binadamu na sokwe wanakaribiana sana, kama Mborana na Mgabra. Ng'ombe yuko mbali zaidi, lakini maneno bado yanagongana. Mwaka 2009 wanasayansi zaidi ya 300 kutoka nchi 25 walimaliza kusoma maandishi ya ng'ombe. Walihesabu jeni zipatazo 22,000, na kiasi cha asilimia 80 ya jeni hizo zina mwenzake katika mwili wa binadamu.

Najua mahali hapa kuna atakayeinua mkono na kuuliza, "Dada muuguzi, unasema sisi ni ng'ombe?" Hapana. Sisemi hivyo. Mambo ya kuumbwa kwa mwanadamu nawaachia mashehe na wachungaji, hiyo ni kazi yao. Mimi naongea juu ya figo, damu na homa, na katika hayo kufanana kunaonekana wazi. Mama yeyote aliyewahi kusaidia kumpasua mbuzi wa Idd ameshaona moyo, ini, mapafu na wengu vikiwa mahali ambapo vyako na vyangu vipo.

Tena kufanana huko kumeokoa watu. Zamani mtoto akipata ugonjwa wa kisukari alikuwa anakufa, hakuna dawa. Mwezi Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa karibu kufa kwa kisukari. Akadungwa maji yaliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, yenye dawa ya insulini. Akaishi miaka mingine 13. Kwa nini insulini ya ng'ombe ilifanya kazi ndani ya mtu? Kwa sababu insulini imeundwa kwa vipande 51 vilivyounganishwa kama shanga za mkufu, na ya ng'ombe inatofautiana na yetu kwa shanga 3 tu. Mwili wa mtu unaipokea. Siku hizi hatutegemei ng'ombe tena. Tangu mwaka 1982 kuna insulini inayotengenezwa kwa kupachika agizo la binadamu ndani ya bakteria, na kijidudu hicho kinalisoma na kulitekeleza bila taabu. Kijidudu kinasoma maandishi yetu, mama! Mimi hili hunishangaza kila nikilifikiria.

Lakini udugu una gharama yake. Kirusi si mnyama wala mmea. Ni maandishi machache yaliyofungwa ndani ya ganda, na peke yake hakiwezi kuzaana. Lazima kiingie ndani ya seli ya mtu au mnyama na kuitumia kama jiko la kupikia. Ili kuingia kinahitaji mlango unaolingana na ufunguo wake. Kirusi cha sotoka kilikuwa na ufunguo wa mlango fulani ulio kwenye seli za kinga za ng'ombe. Seli zetu za kinga zina mlango huo huo, ila kitasa chake kimechongwa tofauti kidogo. Ndiyo maana babu zetu waliishi katikati ya ng'ombe wenye sotoka na wasiugue sotoka. Lakini tofauti ni ndogo. Virusi hunakili maandishi yao kwa haraka na kwa makosa mengi, na siku moja, mahali fulani palipokuwa na watu wengi na ng'ombe wengi, kikatokea kimoja chenye ufunguo uliofungua mlango wa mtu.

Ilikuwa lini? Jibu lilitoka kwenye mapafu ya mtoto. Mwaka 1912 msichana wa miaka 2 alifariki kwa ukambi mjini Berlin, Ujerumani. Madaktari walihifadhi mapafu yake ndani ya dawa. Zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu wakasoma maandishi ya virusi vilivyobaki humo, wakayalinganisha na ya ukambi wa sasa na ya sotoka. Mwaka 2020 walitangaza kwamba huenda njia za virusi hivi viwili ziliachana kiasi cha miaka 2,500 iliyopita, wakati miji mikubwa ilipoanza kuwapo. Ukambi unahitaji mji mkubwa, kwa sababu mtoto akishaupata na kupona haupati tena, hivyo lazima kila siku uwe na mtoto mpya wa kuambukiza. Maandishi ya kila kimoja ni mafupi, kama herufi 16,000 tu, ilhali yako wewe ni karibu bilioni 3. Kitu kifupi hivyo kinaangusha mtu mzima!

Sotoka yenyewe ilibaki kwa ng'ombe, na ilitutesa kwa njia nyingine. Mwaka 1887 iliingia Eritrea, pwani ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Waitalia. Ilishuka kama moto wa nyasi kavu. Kufikia mwaka 1897 ilikuwa imefika ncha ya kusini ya Afrika. Sehemu nyingi ng'ombe 8 au 9 katika kila 10 walikufa. Nyati na twiga nao walikufa. Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Waborana, ambao wengi walikuwa bado kaskazini kabla ya kuja huku Waso, wanaukumbuka kwa jina la Tiite Guracha, nzi weusi, kwa sababu mizoga ilijaa nzi kila mahali. Kisha ikaja njaa, na juu ya njaa ndui. Vitabu vingi vinavyoeleza habari hizo huhesabu ng'ombe na vita. Mimi huwafikiria zaidi kina mama. Ng'ombe wote wamelala chini, ziwa la mama limekauka kwa njaa, na mtoto yuko mgongoni.

Sasa tufike kwenye chanjo, na hapa Kenya ina sehemu yake ya heshima.

Neno letu chanjo linatokana na kuchanja, kukata ngozi kidogo. Wazungu neno lao la chanjo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Sababu ni kwamba mwaka 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi uliowashika wakamuaji, na mtoto akakingwa na ndui ya binadamu iliyokuwa ikiua. Ndui ile ya ng'ombe ni binamu wa ndui ya watu. Mwili ukishamjua binamu, unamtambua na mwenyewe akija. Kwa njia hiyo ndui ilitokomezwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, mjini Merca, Somalia, mwaka 1977.

Kwa ukambi na sotoka, kazi ilifanyika karibu wakati mmoja. Mwaka 1954 huko Boston, Marekani, John Enders na Thomas Peebles walichukua damu ya mvulana wa shule aliyekuwa na ukambi, wakakuza virusi vyake ndani ya seli maabarani. Baadaye wakavizoesha kuishi ndani ya seli za kifaranga cha kuku. Virusi vikizoea nyumba ya kuku husahau ukali wa kumuumiza mtu, lakini sura yao haibadiliki sana, na mwili wa mtoto hujifunza kuvitambua. Chanjo ya ukambi ikaruhusiwa mwaka 1963. Huku kwetu, Muguga karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na mwenzake Ferris walitumia ujuzi huo huo. Walichukua virusi vya sotoka vilivyojulikana kwa jina la Kabete O, wakavipitisha katika seli za figo za ndama mara 90 na zaidi, hadi vikapoa. Mwaka 1962 walitangaza chanjo isiyomdhuru ng'ombe na inayomkinga maisha yake yote. Kwa kazi hiyo Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999.

Shida ilikuwa joto. Chanjo ile iliharibika haraka nje ya friji, na fora hakuna friji. Ndipo mtaalamu mwingine, Jeffrey Mariner, akatengeneza ya unga inayostahimili joto karibu mwezi mmoja. Wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu hadi mahali ambapo gari la serikali halikufika, huko Afar, Karamoja na Sudan Kusini. Mara ya mwisho sotoka kuonekana popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Meru hapa, mama, jirani zetu! Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa kabisa, baada ya ndui.

Na ukambi? Kabla ya chanjo ulikuwa ukiua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka duniani. Mwaka 2023 bado uliua zaidi ya laki moja, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Chanjo ya binadamu ni nzuri, lakini ukambi huambukiza kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote, na ili usitembee inabidi watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Ng'ombe alitosheka na sindano moja iliyomfuata malishoni. Mtoto anahitaji mbili: ya kwanza akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Ya kwanza huku kwetu wengi huipata. Ya pili ndiyo inayopotea. Mtoto wa miezi 18 anatembea, anacheka, familia imehamia kwenye majani, na kadi imebaki ndani ya sanduku.

Nitasema waziwazi jambo linaloniuma. Mwaka 2006 ndugu mwingine wa ukoo huu, sotoka ya mbuzi, aliingia Kenya kupitia Turkana na kumaliza mbuzi na kondoo wengi sana. Tangu wakati huo wakitangazwa wachanjaji wa mifugo, utaona vumbi kutoka kila upande. Mbuzi wote wanafikishwa, hata yule mchechemea. Hiyo ni akili nzuri wala siilaumu, maana mbuzi ndio ada ya shule. Ninachouliza ni kwa nini mbuzi afikishwe kwa chanjo ya sotoka, na mtoto aliyekuja amebebwa nyuma ya mbuzi huyo arudi bila chanjo ya ukambi.

Wengine huniambia ukambi ni ugonjwa wa kila mtoto, utapita. Kwa wengi unapita kweli. Lakini unaweza kuacha upofu, nimonia au kuharisha kusikokoma. Tena mwaka 2019 iligunduliwa kwamba ukambi hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga. Kumbuka ule mlango uko kwenye seli za kinga. Mtoto aliyepona ukambi anaweza kuugua upya magonjwa ambayo mwili wake ulikuwa umeshajifunza kuyashinda, na udhaifu huo huchukua miezi mingi.

Kuna jambo la upande wa pili. Kwa kuwa miili inafanana, wako wanaochukua dawa ya mifugo na kumdunga mtoto mwenye homa. Usifanye hivyo kamwe. Ile dawa ya manjano mnayowachoma ng'ombe ina jamii ya dawa inayoharibu meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi, na kipimo chake kimewekwa kwa mnyama wa kilo 300. Chanjo ya mbuzi pia si ya mtoto. Zile shanga 3 za insulini zilivumilika, lakini si kila tofauti inavumilika. Na maziwa chemsha, hata ya ngamia, kwa sababu homa ya maziwa hupita kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu bila kubadilisha ufunguo wowote.

Mtoto akishikwa na homa, macho mekundu na vipele, mlete zahanati mapema, na mtenge na watoto wengine. Usimtie dawa ya majani machoni. Tutampa vitamini A siku mbili mfululizo, nayo husaidia kuokoa macho na maisha yake. Mpe maji na endelea kumnyonyesha.

Mwisho, juu ya siku za chanjo. Kina mama huuliza kwa nini chanjo ya ukambi haitolewi saa yoyote. Chupa moja ina dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, kisha inamwagwa. Ya binadamu hukaa kwenye baridi, haijawa kama ile ya Mariner. Kwa hiyo tunapenda watoto waje kwa pamoja. Lakini kama umetoka mbali na una mmoja tu, sema umetoka mbali. Kama mtoto amepitisha miezi 18, hata akiwa na miaka 3, mlete. Kama mnahamia fora, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji mnaelekea upande gani, Kula Mawe au Merti, tujue tumtafute wapi. Kadi ikiliwa na mbuzi, njoo hivyo hivyo, tutaangalia kwenye kitabu. Chanjo ni bure.